UONGOZI WA SATARANJI UANZIE CHINI

Wako watu wadhanio kwamba sataranji, mchezo ambao vijana wengi huuita chesi, ni mchezo wa mabwana wenye nafasi. Dhana hiyo haina msingi. Ubao mmoja na kete 32 zawatosha watu wawili; hapatakiwi uwanja wala viatu. Wananchi ambao babu zao walicheza bao chini ya mwembe hawawezi kushindwa na mchezo huu kwa upungufu wa akili. Mara nyingi kinachowashinda ni uongozi.

Na tuwatazame jirani zetu wa Uganda. Mwaka 2004 Robert Katende alianza kuwafundisha sataranji watoto wa Katwe, mtaa wa mabanda mjini Kampala. Watoto walikuja na njaa, wakapewa uji, wakakaa, wakajifunza. Miongoni mwao alikuwamo msichana aliyeacha shule kwa ajili ya umaskini, Phiona Mutesi. Mwaka 2010 aliiwakilisha nchi yake katika Olimpiadi ya Sataranji huko Khanty-Mansiysk, Urusi, na mwaka 2012, mjini Istanbul, akajipatia cheo cha kimataifa. Mwaka 2016 habari zake zilitolewa katika filamu, dunia nzima ikamjua.

Yafaa tukumbuke kwamba kazi hiyo haikuanzia katika ofisi ya chama cha taifa. Ilianzia kwa mwalimu, ubao na bakuli la uji. Basi tujiulize: ni watoto wangapi wenye kipawa kama hicho waliopotea katika mitaa ambayo mwalimu hakufika?

Warusi walilitambua jambo hili mapema. Mwaka 1924 Nikolai Krylenko alipewa kuongoza sataranji katika Urusi ya Kisovieti, naye akaupeleka mchezo viwandani, jeshini na kwa vijana. Mwaka 1948 Mikhail Botvinnik akawa bingwa wa dunia, na ubingwa huo haukutoka mikononi mwa Wasovieti hata mwaka 1972. Krylenko mwenyewe hakuyaona matunda hayo, kwani aliuawa na serikali ile ile mwaka 1938. Lakini kazi haikufa pamoja naye. Mti ulikuwa umekwisha kuota mizizi kwa wananchi, na mti wenye mizizi haumtegemei mtu mmoja.

Sasa tuseme wazi juu ya vyama vya taifa. Katika mkutano mkuu wa FIDE, shirikisho la dunia lililoundwa Paris mwaka 1924, kila nchi ina kura moja. Kura ya nchi ndogo ya Afrika ni sawa na kura ya Urusi au ya Marekani. Mwaka 2014 Garry Kasparov, aliyepata kuwa bingwa wa dunia, aligombea urais wa shirikisho hilo akashindwa kwa kura 61 dhidi ya 110. Hapo ndipo tuonapo uzito wa mjumbe. Wakubwa humpigia hodi, humkaribisha, humwahidi mengi. Lakini kura ile si mali yake. Ni mali ya mtoto wa Katwe na wa kila mtaa unaofanana na Katwe. Mjumbe asiyejua nchi yake ina shule ngapi zenye ubao wa sataranji anamsemea nani?

Kila mwanachama wa chama cha siasa anajua kwamba chama kisicho na matawi ni ofisi tu. Sataranji nayo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo viongozi wa mchezo huu wapimwe kwa mambo yaonekanayo: walimu waliofunzwa, mashindano yaliyofanyika wilayani, wasichana walioingizwa mchezoni, na hesabu za fedha zilizosomwa mbele ya wanachama. Safari za ng'ambo wapewe wachezaji waliozishinda ubaoni, si jamaa za viongozi. Na kiongozi ambaye muda wake umekwisha awaachie wengine kiti kwa heshima.

Wafanyakazi nao wasikae wakingoja. Kila tawi la chama cha wafanyakazi laweza kununua mbao mbili tatu, na kila fundi au karani ajuaye mchezo aweza kuwafundisha watoto wa jirani yake jioni moja kwa juma. Huo ndio mwanzo wa chama cha taifa cha kweli.

Katika sataranji askari ndiye mdogo kuliko kete zote, nao wachezaji wazembe humtoa mhanga bila kufikiri. Lakini askari huyo huyo akifikishwa mstari wa mwisho hugeuka malkia. Viongozi wanaoujua mchezo wao na walikumbuke hilo: wawalinde wadogo, wawasukume mbele hatua kwa hatua, na ushindi utakuja.