Dhahabu "iliyorejelezwa" ya saa za Uswisi: kwa nini Kamango na Butembo zinahusika

Makampuni makubwa ya saa za kifahari huko Uswisi yanazidi kutangaza kwamba dhahabu yao imerejelezwa. Maana yake ni kwamba haikutoka moja kwa moja mgodini, bali katika pete, mikufu na mabaki ya viwanda vilivyoyeyushwa upya. Kwa mnunuzi wa Geneva hiyo ni habari njema. Kwa mchimbaji wa Manguredjipa na mfanyabiashara wa Butembo, ni habari ya kuangaliwa kwa makini. Dhahabu yetu ikitoka kwa magendo na kuyeyushwa ng'ambo, inaweza kurudi sokoni kwa jina hilo hilo. Ile inayotafuta njia ya halali ndiyo inayokimbiwa, kwa sababu tu karatasi yake imeandikwa Kongo.

Fedha zilizo ndani ya jambo hili si kidogo. Oktoba 2025 bei ya wakia moja ya dhahabu, yaani gramu 31 na kidogo, ilivuka dola 4,000 kwa mara ya kwanza. Saa ya kifahari yenye mkanda wa dhahabu inaweza kubeba zaidi ya gramu 100 za dhahabu safi. Kwa bei hiyo, madini peke yake yanazidi dola 12,000, kabla ya kuhesabu jina la kampuni na kazi ya fundi.

Mali inavyobadilisha uraia

Wakaaji wa Kamango hawahitaji kufundishwa namna mali inavyobadilisha uraia. Kakao ya usultani wa Watalinga inayovuka mpaka wa Nobili bila karatasi inaingia Bundibugyo ikiwa ya Kongo, na inatoka huko ikiwa ya Uganda. Mkulima ametoa jasho hapa, lakini ushuru na sifa vinabaki upande wa pili. Vita vimeongeza tatizo: tangu Julai 2013, waasi wa ADF waliposhambulia Kamango na makumi ya maelfu ya watu kukimbilia Bundibugyo, kila mara barabara ya kwenda Beni inapokuwa hatari, soko la Uganda ndilo linabaki karibu.

Dhahabu inafuata njia ya namna hiyo, ila yenyewe ni rahisi zaidi kuficha. Gunia la kakao linahitaji gari au pikipiki. Kilo moja ya dhahabu haizidi simu ya mkononi kwa ukubwa, na kwa bei ya Oktoba ilikuwa na thamani ya zaidi ya dola 128,000. Mpaka wetu na Uganda ni mrefu na una vijia vingi, tena askari na watu wa forodha hawapo kila mahali.

Matokeo yanaonekana katika hesabu za jirani. Kwa miaka kadhaa sasa dhahabu imekuwa mbele ya kahawa katika bidhaa ambazo Uganda inauza ng'ambo, ingawa migodi yake yenyewe kwa muda mrefu ilitoa kidogo tu. Machi 2022, Wizara ya Fedha ya Marekani ilipoweka vikwazo juu ya mfanyabiashara Mbelgiji Alain Goetz na kiwanda cha African Gold Refinery cha Entebbe, ilieleza kwamba zaidi ya asilimia 90 ya dhahabu ya Kongo inatoroshwa kwenda nchi za jirani, zikiwemo Uganda na Rwanda, na kwamba sehemu kubwa inaishia Falme za Kiarabu. Umoja wa Ulaya nao uliwawekea vikwazo Desemba mwaka huo.

Butembo na Uswisi zilikwisha kukutana

Uhusiano huu haukuanza jana. Mwaka 2005 shirika la Human Rights Watch lilichapisha uchunguzi juu ya dhahabu ya Ituri. Lilikadiria kwamba mwaka 2003 dhahabu ya Kongo ya thamani ya dola milioni 60 hivi iliuzwa ng'ambo kupitia Uganda, na kwamba nyingi ilielekea Uswisi. Kati ya wanunuzi waliotajwa alikuwemo Metalor, kiwanda cha kusafisha dhahabu cha Neuchâtel, katikati ya eneo la watengeneza saa. Kiwanda hicho kilitangaza kusimamisha ununuzi wake kutoka Uganda.

Machi 2007 Kamati ya vikwazo ya Umoja wa Mataifa iliorodhesha makampuni mawili ya Kampala, Machanga na Uganda Commercial Impex, pamoja na nyumba ya biashara ya Congocom ya Butembo. Yote yalihusishwa na dhahabu iliyofadhili vikundi vyenye silaha.

Hakuna anayeweza kusema gramu fulani ya Mongbwalu ilifika katika saa fulani. Na tatizo liko hapo hapo: dhahabu ikiyeyushwa pamoja na nyingine, asili yake haionekani tena kwa macho. Kinachobaki ni karatasi, na karatasi inaanza pale anayeiandika anapotaka ianzie.

Mlango ulioachwa wazi

Mwongozo wa OECD juu ya dhahabu, wa mwaka 2012, unasema kwamba asili ya dhahabu iliyorejelezwa ni pale iliporudishwa kwa msafishaji au mrejelezaji. Haiulizwi ilichimbwa wapi. Kwa pete ya bibi iliyouzwa Paris, hilo lina akili. Mwongozo huo huo unawataka wanunuzi wawe macho, wasipewe dhahabu ya mgodi kwa jina la mabaki. Lakini katika soko kama Dubai, ambako mikufu ya zamani na dhahabu ya magendo ya Afrika vinaweza kukutana katika chungu kimoja, kazi hiyo ni ngumu.

Sheria nazo zimefuata mtazamo huo. Tangu tarehe 1 Januari 2022, Uswisi inalazimisha makampuni yanayoingiza dhahabu ya maeneo ya vita, kuanzia kilo 100 kwa mwaka, kuchunguza inatoka wapi. Metali iliyorejelezwa imesamehewa. Kanuni ya Umoja wa Ulaya, inayotumika tangu Januari 2021, nayo inaiweka dhahabu ya namna hiyo kando, mradi kuwe na karatasi za kuthibitisha kwamba imerejelezwa.

Ukubwa wa hatari unaonekana katika utafiti ambao shirika la Swissaid lilitoa Mei 2024. Unakadiria kwamba mwaka 2022 pekee angalau tani 435 za dhahabu zilitoroshwa kutoka Afrika, na kwamba Falme za Kiarabu ndizo mpokeaji mkuu. Dhahabu hiyo yote lazima itafute jina jipya kabla ya kufika kwa mteja mwenye masharti.

Kutukimbia si kuwajibika

Makampuni ya saa yana jibu lao: kurejeleza kunapunguza uchafu wa zebaki na kunaondoa hatari ya kufadhili vita. Sehemu ya jibu hilo ni kweli. Lakini mahitaji ya dunia hayatoshelezwi na mabaki, kwa sababu dhahabu iliyorejelezwa ni kama robo tu ya ile inayoingia sokoni kila mwaka. Migodi itaendelea kuchimbwa. Swali ni nani atanunua, na kwa masharti gani.

Tunajua kinachotokea mlango wa halali unapofungwa. Kuanzia Septemba 2010 hadi Machi 2011, Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Familia nyingi zilipoteza mkate wao, na magendo hayakufa.

Kuna mifano ya njia nyingine. Chopard inasema tangu Julai 2018 inatumia dhahabu ya asili inayokubalika peke yake, na sehemu yake inatoka kwa wachimbaji wadogo wenye cheti. Karibu na sisi, wachimbaji wa Syanyonja katika wilaya ya Busia, Uganda, walipata cheti cha Fairtrade. Karibu zaidi bado, katika Mambasa, Ituri, mradi wa Just Gold wa shirika la IMPACT ulifuatilia dhahabu kutoka shimoni, na mwaka 2017 ikauzwa Kanada kwa njia ya halali.

Mradi wa Mambasa ulionyesha pia vikwazo viwili. Cha kwanza ni kodi: mnunuzi wa halali analipa ofisi moja baada ya nyingine, wakati mtoroshaji halipi na hivyo anaweza kutoa bei nzuri zaidi. Cha pili ni deni. Anayemkopesha mchimbaji chakula, pampu na mafuta kabla ya kupata dhahabu ndiye anayeichukua, na mara nyingi huyo si mnunuzi mwenye karatasi.

Kinachopaswa kudaiwa

Kwa serikali ya Kinshasa, kazi ni kupunguza kodi na kuzilingana na zile za majirani, na kufungua maeneo rasmi ya wachimbaji wadogo ambayo sheria ya madini ya 2018 inayataka kwa vyama vya ushirika. Kampuni ya serikali iliyoanza Bukavu mwaka 2023 kwa jina la Primera Gold, leo DRC Gold Trading, haitawasaidia watu wa Lubero na Beni kama hainunui kwa bei ya Kampala na haitoi mkopo kabla ya uchimbaji.

Kwa mashirika ya kiraia ya Beni na Butembo, barua za kulalamika zisiishie kwa gavana. Makampuni ya saa yanachapisha ripoti kila mwaka, na yanaogopa kuchafuliwa jina. Yaulizwe wazi: katika dhahabu mnayoiita iliyorejelezwa, kiasi gani kilipita Dubai, nani aliiyeyusha kwanza, na nani alithibitisha kwamba ilikuwa pete na si mchanga wa Manguredjipa? Kampuni isiyoweza kujibu haijui inauza nini. Ile inayoweza kujibu iulizwe swali la pili: ni lini itanunua, kwa karatasi na kwa bei ya haki, dhahabu ya mchimbaji wa Kongo?