DADA ALIYELETA GEMU SINGIDA AAMBIWA "WEWE KUWA MGANGA", AGOMA. NA YUKO SAHIHI!

Kimenuka! Kijiwe cha washkaji watano wa Singida mjini, wanaokutana kila Jumapili jioni kucheza gemu la mezani la Dungeons & Dragons, kimevunjika vipande viwili. Chanzo siyo hela wala mapenzi. Chanzo ni dada mmoja kusema anataka kuwa babariani.

Kwa ambaye hajawahi kuliona, hili siyo gemu la PlayStation. Hakuna skrini. Watu wanakaa mezani, mmoja anakuwa msimamizi anayesimulia hadithi ya mapango, majini na majambazi, na wengine kila mtu ana mhusika wake kwenye karatasi. Ukitaka kumpiga jini, unarusha dadu lenye pande 20, bahati inaamua. Lilitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Kanuni zake za msingi zinapakuliwa bure, kwa hiyo simu na bando vinatosha, na hata dadu lipo kwenye programu ya simu.

Sasa, dada huyo ndiye aliyelileta kijiweni. Alilijulia chuoni Dodoma, akarudi nalo, akawafundisha jamaa wanne mmoja mmoja. Mwaka mzima yeye ndiye msimamizi. Anaandaa hadithi usiku akishafunga duka, anachora ramani kwenye madaftari, wenzake wanakuja kula raha. Mwezi uliopita jamaa mmoja akajitolea kusimamia ili na dada naye acheze. Wote wakafurahi, mpaka alipofungua mdomo.

"Mimi nachukua babariani."

Jamaa mwingine, anayejiona mkubwa wa meza, akacheka. "Sista, mbele tumeshajaa. Mimi faita, huyu monki, yule mchawi. Wewe kuwa mganga utuponye. Halafu babariani ni mtu wa mashoka na hasira, haikupendezi."

Dada akakunja karatasi yake taratibu. "Sawa kaka. Mkipata mganga mtanijulisha." Akaondoka. Wiki ya pili hii, Jumapili inapita na kijiwe hakijakaa.

Haki itendeke, jamaa hajaropoka kila kitu. Kikosi bila mtu wa tiba ni kama timu kuingia Ligi Kuu bila kipa. Mtaenda, lakini mtarudi mnalia. Hoja ya tiba ni ya kweli. Tatizo ni jibu alilolitoa.

Hesabu kwanza, kwa kanuni za 2014 ambazo ndizo wanazotumia. Gemu lina watu kadhaa wa kupigana ana kwa ana, na hawafanani.

Faita ni askari. Anavaa chuma kizito, anaanza na pointi 10 za uhai ukiacha nyongeza, na anaweza kujivutia pumzi mwenyewe akarudisha uhai kidogo. Akifika levo ya 2 anapata uwezo wa kujisukuma akafanya mambo mawili katika zamu moja. Huko mbele kabisa, levo ya 20, anapiga mara nne kila anaposhambulia. Ni chaguo la mtu anayetaka uhakika.

Monki hategemei chuma. Ni miguu na ngumi, anakimbia, anaanza na pointi 8 tu. Akizubaa katikati ya maadui, kwisha habari yake.

Babariani anaanza na pointi 12, hakuna anayemzidi. Silaha yake ni hasira. Akipandisha, mapigo ya panga, mshale na rungu yanamwingia nusu. Pigo la 14 linakuwa 7. Levo ya 2 anaweza kupiga bila kujali, anarusha madadu mawili anachukua kubwa, ila na maadui wanamrushia hivyo hivyo. Ubaya wake, hasira ni mara mbili tu kwa siku kwenye levo za chini, moto wa mchawi hauangalii hasira, na havai chuma kizito.

Hapo jamaa alipaswa kutulia kidogo. Kama mapigo yanamwingia nusu, kila pointi moja ya tiba anayopewa babariani aliyepandisha inafanya kazi ya mbili. Kikosi kisicho na mganga kinamhitaji mtu wa aina hiyo mbele kuliko kinavyomhitaji mtu mwingine yeyote wa kupokea mapigo. Dada hakuchagua kwa hisia. Amesimamia mwaka mzima, anaijua hesabu kuliko wote pale mezani.

Na tiba? Yupo paladini. Huyu anavaa chuma kizito kama faita, anashika upanga kama faita, anaanza na pointi 10 kama faita. Halafu mikono yake inaponya, pointi 5 kwa kila levo, kwa siku. Levo ya 3 ana pointi 15 za kugawa anavyotaka. Kuanzia levo ya 2 anaweza kuongeza nguvu takatifu kwenye upanga, madadu mawili ya pande 8 juu ya pigo la kawaida. Yaani jamaa angebadilisha karatasi moja tu, faita awe paladini, kikosi kingekuwa na tiba, na yeye angebaki mbele na upanga wake akitamba kama kawaida.

Lakini hakuna aliyemwambia abadilishe. Hapo ndipo penye kidonda. Kama tiba ni muhimu kiasi hicho, mbona wanaume watatu walichagua walichopenda, halafu ukosefu wa mganga ukawa deni la mtu wa nne? Tena yule aliyewahudumia mwaka mzima!

Wapo wanaosema "ni gemu tu, anakuza mambo". Mdau, angalia vizuri. Ni meza ile ile ya kwenye shughuli, ambapo vijana wote wanakaa kupiga stori halafu binti mmoja anatumwa chai. Mtu anayecheza nafasi aliyolazimishwa hachezi, anafanya kazi.

Kichekesho ni kwamba gemu lenyewe liliwahi kuwa na akili kama ya huyo jamaa. Mwaka 1974, kundi la wapiganaji kwenye kanuni liliitwa kabisa kwa jina la mwanaume mpiganaji. Baadaye, kwenye kitabu cha wachezaji cha 1978, faita wa kike wa jamii ya binadamu aliwekewa kikomo cha nguvu chini ya cha kiume. Toleo la 1989 likakifuta kikomo hicho. Kwa hiyo jamaa wa 2014 anashikilia kitu ambacho wenye gemu walikitupa kabla hata yeye hajazaliwa.

Na kusema mambo hayo Singida, jamani! Uwanja wa mpira wa mjini, ule uliokuwa Namfua, leo unaitwa Liti. Liti alikuwa mwanamke wa Kinyaturu aliyesimama kuwapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na wazee wanasimulia kwamba aliwatumia nyuki. Kigemu, nyuki ni kazi ya mtu wa mitishamba na wanyama, siyo babariani, hilo wachezaji watalisema haraka. Sawa. Ila hakuna aliyemwambia Liti abaki nyuma kwa sababu mbele kumejaa. Jamaa anakwenda kushangilia mpira kwenye uwanja wenye jina la mwanamke huyo, halafu akitoka anamwambia dada wa watu mapambano hayampendezi.

Suluhisho halihitaji kikao cha wazee. Jamaa amfuate dada, amwombe radhi bila kuzungushazungusha, na aende na karatasi mpya ya paladini mkononi. Yule wa monki naye anunue dawa za uponyaji kwenye soko la gemu, asitegemee mtu. Na usimamizi uzunguke kwa zamu, kila mtu aonje usiku wa kuandaa hadithi wenzake wakiwa wamelala.

Wasipofanya hivyo, dada atapata meza nyingine, maana gemu analijua. Wao watabaki na madadu ya kwenye simu na hakuna wa kuwasimulia.

Mdau, ungekuwa kwenye meza ile ungemwambia nani abadilishe? Tiririka hapo chini, matusi hapana.