Kabla ya Buti, Kiti cha Nyuma

Mwenye fedha za kiasi na familia hushauriwa Probox iliyotumika, wala hapotoshwi: injini ya cc 1,500 haili mafuta mengi, vipuri hupatikana kila mji, na buti hubeba magunia. Lakini zipo za aina mbili. Ile ya mizigo kiti chake cha nyuma ni chembamba, kimesimama wima. Ile ya abiria kimejaa. Muuzaji wangu hakunieleza, nami, kwa kushangilia buti, sikuuliza. Safari ya kwanza ya Tanga, mama alishuka Chalinze ameshika kiuno. Basi nendeni pamoja na wazee, mkae humo nusu saa ndipo mlipe. Na fedha za matairi na shokapu zitengwe mapema.