Kipakatalishi cha Mwanafunzi wa Kiswahili: Betri Kabla ya Jina

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika maduka ya kompyuta mjini Kisumu, methali hii yafaa kutumiwa kwa tahadhari. Kinachojiuza humo aghalabu ni kioo kipana na jina la kampuni, ilhali mwanafunzi wa Kiswahili anahitaji mashine ya kuandikia mihadhara darasani na kunukulia ngano nyanjani.

Mwanafunzi wa Maseno anayekusanya fasihi simulizi Dunga au Usenge hana hakika ya kupata umeme ufuoni. Hivyo basi, sifa ya kwanza ni betri, wala si kasi. Hesabu yake ni nyepesi: betri ya saa-wati 45 katika mashine itumiayo wati 9 hudumu saa 5. Ikiwa imechakaa nusu, hudumu saa mbili na nusu tu. Katika mashine za Windows, amri ya powercfg /batteryreport huonyesha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo uliosalia. Mnunuzi na aidai ripoti hiyo kabla ya kutoa fedha.

Sifa ya pili ni wepesi na uimara. Mashine isiyozidi kilo moja na nusu hubebeka kutwa, nayo diski ya SSD, kwa kuwa haina sehemu inayozunguka, hustahimili mitikisiko ya matatu.

Je, mtumba ufaa? Naam, ila umri wake uchunguzwe. Windows 10 ilikoma kuhudumiwa bure tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha 8 hazikubaliwi rasmi na Windows 11. Hata hivyo, mashine kama hiyo ikiuzwa kwa bei ya chini isidharauliwe: Linux na LibreOffice hazilipiwi, na zinatosha kuandikia tasnifu. Isitoshe, Kiswahili si mgeni humo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili.

Fedha zitakazosalia zinunue flashi ya kuhifadhia nakala ya pili. Mashine iliyoibwa hununuliwa nyingine. Sauti ya fanani aliyefariki hairekodiwi tena.