Gari Kuukuu la Dizeli: Nunua Mashine, Usinunue Rangi

Wahenga walisema kwamba rahisi huvunja upishi. Msemo huo ulizaliwa jikoni, lakini leo wafaa zaidi katika yadi za magari kuliko mahali pengine popote. Askari wa jeshi au wa polisi anapostaafu na kupokea kiinua mgongo chake, au anapopata mkopo kutoka chama cha akiba kama Wazalendo ya wanajeshi au Exodus ya polisi, aghalabu wazo la kwanza linalomjia ni kununua gari la abiria, hasa Toyota Hiace ya dizeli iliyokwisha kutumika. Kwa jamaa nyingi za Jinja na Mbale, ununuzi huo ndio mkubwa kabisa baada ya ule wa kiwanja na nyumba. Gari likiwa zima, hulipa karo na kujaza chungu. Likiwa bovu, mkopo huendelea kudai kila mwezi huku gari lenyewe limelala juu ya matofali uani.

Huko Ulaya na Japani magari ya namna hiyo hiyo hugeuzwa nyumba za magurudumu, yakatiwa kitanda, jiko dogo na mapazia. Hata huko, mnunuzi mwerevu huinua kwanza kiti cha mbele, ambacho chini yake imo injini ya Hiace, ndipo atazame kitanda. Kanuni hiyo haibadiliki kwa sababu ya kuvuka bahari.

Maana ya gari la kuaminika

Watu wengi hudhani kwamba gari la kuaminika ni lile lisiloharibika. Gari la namna hiyo halijatengenezwa. Gari la kuaminika ni lile ambalo ugonjwa wake hujulikana mapema, fundi wa karibu aweza kuutibu, na kipuri chake chapatikana bila ya kuagizwa ng'ambo. Kwa sababu hiyo gari linaloaminika Tokyo huenda lisiaminike Tirinyi, maadamu huko Tokyo iko karakana yenye kompyuta, na Tirinyi yuko kijana mwenye spana na akili yake tu.

Kwanza yafaa mnunuzi ajue aina ya injini. Haina haja kumwuliza mwuzaji, kwani Hiace hujitaja yenyewe kwa herufi za mwanzo za namba ya chesisi. Herufi LH zaonyesha injini za dizeli za jamii ya L, aghalabu zisizo na tabo. KZH ni injini ya KZ, yenye lita 3 na tabo. KDH ni jamii ya KD, ambayo hupeleka dizeli kwa shinikizo kubwa mno chini ya uangalizi wa kompyuta. TRH na RZH si dizeli, bali ni petroli, ingawa wako wauzaji wasemao vinginevyo.

Kila moja ina tabia yake. Injini ya L ni nzito wa mwendo na haina mbio mlimani, lakini ni nyepesi kwa fundi, na pampu yake huweza kutengenezwa na mjuzi wa pampu bila ya kompyuta. Injini ya KZ ina nguvu njema, ila haivumilii joto kuzidi: ikichemka mara moja tu, kifuniko cha silinda, ambacho mafundi hukiita silinda hedi, huweza kupasuka. Injini ya KD ina nguvu na hubana matumizi ya mafuta, lakini nozeli zake ni za thamani kubwa na huchukia dizeli chafu. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa hukosa ulaini unaozilinda pampu na nozeli, na tone la maji huleta kutu ndani yake.

Uchaguzi huo umekuwa mgumu zaidi tangu mwaka 2018, wakati sheria ya usalama barabarani ya Uganda iliporekebishwa na kukataza kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa kwake. Hiace za umbo la zamani, zilizotengenezwa Japani kuanzia mwaka 1989 hadi 2004, haziwezi tena kuletwa. Basi mwenye kutaka injini nyepesi ya L aghalabu atanunua gari lililokwisha kuzunguka barabara za Uganda kwa miaka mingi. Na mwenye kutaka gari lililoshuka Mombasa juzi atapata injini ya kompyuta. Hakuna njia iliyo mbaya kwa kila mtu. Wa kwanza atumie nguvu zake katika kukagua uchakavu. Wa pili ahakikishe kwamba yuko fundi mwenye chombo cha kusoma kompyuta hiyo Jinja au Mbale, na anunue mafuta katika kituo kinachoaminika.

Injini ikaguliwe ikiwa baridi

Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Hubana hewa mpaka ikawa ya moto sana, na dizeli ikirushwa ndani yake huwaka yenyewe. Hiyo ndiyo akili iliyomletea sifa Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani, injini yake ilipofaulu majaribio mwaka 1897. Kwa kuwa kila kitu chategemea kubana, ringi na silinda zikilika, hewa huvuja, joto halitoshi, na injini hugoma kuwaka wakati wa baridi. Ikikwisha kupata moto, huweza kuwaka kwa urahisi na kuuficha ugonjwa wake. Kwa hiyo saa ya ukaguzi ni alfajiri, wala si adhuhuri.

Chukuliwe mfano wa sajini mstaafu wa Walukuba, Jinja, aendaye Mbale na mkewe pamoja na fundi wao kutazama Hiace. Wafika saa mbili asubuhi, na mwenye gari awapokea kwa tabasamu. Fundi aweka kiganja juu ya injini, kisha aondoa mkono haraka.

"Afande," asema, "mashine hii imeamka kabla yetu."

"Nililiwasha kidogo tu, mzee wangu, nilisogeze kivulini," ajibu mwenye gari. "Na leo jioni yuko mtu mwingine anakuja na fedha taslimu."

Sajini atia mkono mfukoni. Hapo mkewe amvuta kando na kumwambia polepole, "Baba watoto, gari likilala hapa hadi kesho litakuwa lile lile. Fedha zikilala kwake, hazirudi."

Wakalala kwa jamaa yao, wakarudi alfajiri bila ya kupiga simu. Injini ikazungushwa mara tatu ndipo ikawaka kwa mtetemeko, na moshi mweupe ukatanda uani. Sajini akarudi Jinja kwa teksi ya watu, na kiinua mgongo chake kikiwa kizima. Nauli ya siku mbili ndiyo iliyokuwa bei ya kuokoka.

Moshi, oili na maji

Gari haliwezi kusema uongo kwa moshi wake. Moshi mweusi usiokoma waeleza kwamba dizeli ni nyingi kuliko hewa: huenda chujio la hewa limeziba, au nozeli zimechoka. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, na mara nyingi hiyo ni dalili ya ringi au tabo iliyokwisha. Moshi mweupe unaoendelea hata baada ya injini kupata moto ni dizeli isiyoungua, au maji yanayoingia ndani ya silinda.

Oili ya dizeli kuwa nyeusi si kosa. Hugeuka nyeusi mapema baada ya kubadilishwa. Kosa ni oili yenye rangi ya chai ya maziwa, kwani imechanganyika na maji. Hali kadhalika, injini ikiwa baridi, kifuniko cha rejeta kifunguliwe, kisha injini iwashwe: mapovu yasiyokoma yaonyesha kwamba gesi ya silinda inapenya katika maji, yaani gasketi imeungua au silinda hedi imepasuka. Maji yenye utando wa mafuta au rangi ya kutu ni onyo jingine. Mwisho, injini ikinguruma, kifuniko cha kutilia oili kifunguliwe. Pumzi ndogo ni ya kawaida. Ikifuka kama birika na kurusha oili, ringi zimekwisha, na bei yoyote ni ghali.

Chini ya gari kuna habari pia. Sehemu za kaskazini za Japani hunyunyiza chumvi barabarani wakati wa theluji, na chumvi hula chesisi. Rangi mpya nyeusi iliyopakwa chini ya gari kuukuu yafaa igongwe kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, na kilichooza hunyamaza.

Jaribio la mlimani

Barabara ya Jinja hadi Mbale kwa njia ya Iganga na Tirinyi ni karibu kilomita 150, na sehemu yake kubwa ni tambarare. Gari lenye ugonjwa wa joto huweza kuikata yote bila ya kulalamika, hasa likiwa halina abiria. Mwenye kutaka ukweli alipandishe gari kutoka Mbale kuelekea Sipi na Kapchorwa, katika mabega ya Mlima Elgon, likiwa limebeba watu wa kutosha.

Iko sababu ya kisayansi. Kadiri mtu apandavyo juu, maji huchemka mapema zaidi. Mbale iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hapo maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kapchorwa ni chini ya hapo. Kifuniko cha rejeta ndicho kinachoyabana maji yasichemke mapema. Mpira wake ukichakaa, kitu kidogo hicho huweza kuua injini nzima. Basi mshale wa joto uangaliwe njia yote. Ukipanda na kukataa kushuka, safari ikomeshwe hapo. Wakati wa kuteremka zisikilizwe breki: zikitoa harufu ya kuungua au pedali ikilegea, jibu limepatikana bila ya kumwuliza mtu.

Karatasi, na gari lililoogelea

Jina lililomo katika logi buku lilingane na kitambulisho cha mwuzaji, na namba za chesisi na injini zilingane na karatasi. Mkaguzi wa magari wa polisi aweza kuombwa alitazame gari kabla fedha hazijatoka. Kwa wasomaji walio kazini katika polisi, huko ni kuvuka ua tu. Kipima kilomita kisiaminiwe peke yake, kwani huweza kurudishwa nyuma. Pedali zilizolika mpaka chuma na usukani uliong'aa havikubaliani na kilomita 60,000.

Iko pia hatari ya maji. Mwishoni mwa Julai mwaka 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika Mbale, ikaua watu na kuzoa mali. Gari lililozama huweza kuoshwa, likapakwa rangi na kuuzwa mbali. Maji hayabanwi kama hewa. Injini ya dizeli ikiyameza inapozunguka, fimbo za pistoni hupinda. Tope kavu ndani ya taa, chini ya zulia au nyuma ya dashibodi ni ushahidi wa kutosha.

Fedha zisiishe siku ya kununua

Kosa lililo kubwa kuliko yote ni kutoa shilingi ya mwisho kwa mwuzaji. Yafaa robo ya fedha ibaki nyumbani. Injini za L, KZ na KD zote hutumia mkanda wa taimingi, ambao kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000 au 150,000 kulingana na injini. Ukikatika, vali hugongana na pistoni. Kama hakuna ushahidi wa lini ulibadilishwa, ubadilishwe juma lile lile, pamoja na oili, machujio yote, maji ya rejeta na mpira wa kifuniko chake. Kisha maji yaliyotuama chini ya chujio la dizeli yamwagwe mara kwa mara, kwani kazi hiyo ni ya dakika chache tu.

Fundi wa kukagua alipwe na mnunuzi, kabla ya ukaguzi, kwa kiasi kisichobadilika, gari likinunuliwa au likiachwa. Fundi anayengoja bakshishi ya mwuzaji hutazama gari kwa jicho moja. Na mke awepo wakati wa kuhesabu fedha, maana yeye ndiye atakayejua kwanza, kwa upungufu wa unga na karo, kama mashine iliyonunuliwa ni nzima. Askari hufundishwa kukagua silaha kabla ya zamu, wala si baada ya kushambuliwa. Gari la dizeli lastahili nidhamu iyo hiyo.