Bonasi Itaisha, Utabaki na Nini?

Leo naongea kitu kitakachokwaza watu wachache, lakini tuvumiliane.

Hapa Silibwet mwaka una miezi 12, ila tunaoungoja kwa kweli ni mmoja: Oktoba, mwezi wa bonasi. Kila mwezi mkulima wa KTDA analipwa kitu kidogo kwa kila kilo ya majani, halafu mwaka wa hesabu ukishafungwa Juni, salio linakuja kama bonasi. Ikiingia, maduka ya mabati yanajaa, karo inalipwa, deni la sacco linapungua. Na kanisani, bahasha zinanenepa.

Hapo kwa bahasha ndio nina shida.

Kuna makanisa ambayo sadaka inasomwa kwa jina na kwa kiasi. Aliyetoa elfu 20 anapigiwa makofi, anaombewa kirefu, anapewa kiti cha mbele. Mama anayechuna chai ya wenyewe akitoa 50, jina lake linapitwa haraka haraka. Hakuna aliyehubiri kwamba pesa ndiyo kipimo cha imani, lakini watoto wameketi pale wanaona, na wameelewa vizuri sana.

Na hii hesabu Yesu aliimaliza zamani. Katika Luka 21 anamtazama mjane mwenye visarafu viwili na kusema huyo ndiye aliyetoa zaidi ya wote. Luka 12 ana mfano wa mkulima kama sisi: shamba limezaa, anapanga ghala kubwa zaidi, na usiku huohuo anakufa. Angalieni vizuri. Mavuno hayakuwa kosa. Shida ni kwamba mipango yake yote alikuwa anaongea na nafsi yake tu. Jirani hayumo, Mungu hayumo.

Sasa najua kuna mtu atasema, "Kijana, unataka tubaki maskini?" Hapana. Umaskini sio utakatifu. Wakulima wetu wa magharibi mwa Bonde la Ufa wamezoea bonasi ya chini kuliko wenzao wa mashariki, na wana haki ya kuuliza kwa nini. Mhubiri akiwaambia wanyamaze kwa sababu hazina yao iko mbinguni, anawakosea. Kudai haki yako ni kitu kimoja, kuabudu pesa ni kingine.

Basi utajiri wa kiroho unafanana na nini? Tazameni Tenwek hapa kwetu. Daktari Ernest Steury alikuja kutoka Marekani mwaka 1959, akawa daktari wa kwanza wa hospitali hiyo. Kwao angepata maisha rahisi zaidi. Alichagua kuwatibu babu na nyanya zetu kwa miaka mingi. Leo Tenwek inafunza madaktari, na hata upasuaji wa moyo unafanywa pale. Sijawahi kusikia mtu hapa akiuliza Steury aliacha ngapi benki. Alichoacha kinatembea barabarani, ni watu.

Mfano mwingine ni wa juzi tu. Novemba 2024, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi chini ya Askofu Mkuu Philip Anyolo lilikataa pesa ambazo Rais alikuwa ametoa katika kanisa la Soweto, Nairobi. Wengine walishangaa, kanisa linakataaje pesa? Mimi naona lile lilikuwa hubiri zito. Anayeweza kuambia pesa "hapana" ana kitu kikubwa kuliko pesa.

Kwa hivyo wazee wetu wa kanisa, kwa heshima, naomba hivi. Bonasi ijayo msisome majina na viwango. Someni jumla, kisha mtuambie ilitumika vipi. Mwenye kingi atoe kwa siri, mwenye kidogo atoe bila aibu.

Na sisi vijana tujipime, hata kabla ya kununua simu mpya. Toa bonasi, toa pikipiki, toa nguo za Jumapili. Ni nani angekuja kwako usiku akiwa na shida, akijua utamfungulia mlango? Kama hakuna, basi hata ukiwa na ekari 10 za chai, bado wewe ni maskini. Na hiyo haingoji Oktoba. Unaweza kuanza leo jioni, kwa jirani yako.