Spider-Man Kakatiwa Keki, Lodi Lofa Je?

Leo naomba tugombane kidogo.

Hapa Arusha sisi vijana wapenda katuni tumepata mtindo wa kukutana. Mara kwenye ukumbi wa kuazima, mara nyuma ya kibanda cha chipsi Kaloleni, mara kwenye baraza ya mshikaji kule Sakina. Huyu kavaa joho jeusi la Batman lililoshonwa na fundi wa mtaani, yule kaja na michoro yake ndani ya bahasha, mwingine kaandika hadithi kurasa sita kwenye daftari. Tunasoma, tunabishana, tunapeana michoro. Jambo safi sana na sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni juu ya kalenda yetu.

Mwaka 2022 Spider-Man alitimiza miaka 60 tangu atoke Agosti 1962. Watu walichora mpaka penseli zikaisha. Mwaka 2024 Batman kafika 85, Dragon Ball kafika 40, tukarudia tena. Kijana mmoja alimchora Batman kasimama juu ya Mnara wa Saa, Mlima Meru nyuma yake umejifunika wingu. Kazi ya uhakika, hata mimi nilipiga makofi. Halafu nikauliza: jamani, na Philip Ndunguru je? Kimya. Mmoja akaniuliza, "Huyo anachezea timu gani?"

Basi kwa asiyemjua. Ndunguru alizaliwa 1962, mwaka uleule Spider-Man alipotoka, na akafariki 1986. Hesabu mwenyewe: hakufika hata miaka ishirini na mitano. Katika umri huo, ambao wengi wetu bado tunaomba hela ya vocha nyumbani, yeye alishawaacha mitaani watu watatu ambao hawajaondoka mpaka leo. Ndiye anayetajwa kuwa baba wa Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Kipepe, kwenye jarida la Sani. Na Sani lenyewe ni nini? Ni majina ya wawili walioliasisi: Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. SA na NI. Watu wawili, majina yao mawili, jarida likasimama. Wanaosema hapa kwetu haiwezekani kuanzisha kitu bila mfadhili wakasome vizuri hizo silabi mbili.

Sasa nasikia wazee wakikohoa. Katuni si fasihi, wanasema, ni michezo ya watoto, mwandishi mtarajiwa asome vitabu. Shikamooni wazee, lakini hoja hiyo ni ya zamani na imeshashindwa mara nyingi. Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 kwa mashairi yasiyofuata vina na mizani, kulikuwa na waliosema huo si ushairi. Leo yuko darasani. Na mji wetu huu, ambao tunaambiwa ni wa watalii na tanzanite tu, uwanja wake mkubwa wa mpira una jina la mshairi: Sheikh Kaluta Amri Abeid, aliyeandika Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954. Kila wiki watu wanaingia pale kupiga kelele za offside na hawajui kwamba wamekaa juu ya jina la mtu wa vina. Kumbe Arusha inajua kumheshimu mtunzi ikitaka. Wa katuni kakosa nini?

Upande wa pili kuna wenzangu, ambao ndio wananiuma zaidi. Wao wanasema: kaka, unataka kuturudisha kwenye mambo ya kujifungia, dunia sasa ni moja. Hapana bwana, msinisingizie. Huyo Kipepe mwenyewe alikopa. Mtafiti mmoja, Jigal Beez, aliandika makala mwaka 2003 akimfuatilia Komredi Kipepe katika nyayo za Asterix, yule Mgaul mfupi wa Kifaransa aliyeanza 1959. Hawa X Plastaz wetu walichukua rap ya Wamarekani, wakaichanganya na sauti za Kimaasai, na albamu yao ya 2004 wakaiita Maasai Hip Hop bila kumwomba mtu radhi. Kukopa ni halali. Ninachouliza ni kwa nini sisi tunakopa na hatupeleki kitu kwetu. Batman wa juu ya Mnara wa Saa ni bomba, lakini yeye kashuka pale kama mtalii: kapiga picha, kaondoka.

Na hapa nazungumza kama mtu anayetaka kuandika riwaya, si mchoraji (mkono wangu haujui hata kuchora yai). Ukiandika hadithi ya Batman, lazima ukaazime Gotham, mji ambao hujawahi kuuona na haupo. Utaazima mvua yake, polisi wake, hata matusi yake. Kila mtu atazungumza kama maandishi ya chini ya sinema. Sasa mchukue Lodi Lofa. Jina lenyewe limeshakufanyia nusu ya kazi: ulodi mdomoni, ulofa mfukoni. Mshushe leo stendi. Atakuwa na suti ya kuazima, kitambulisho cha kampuni ya utalii isiyo na ofisi, simu yenye kioo kilichopasuka. Atamwambia mzee mmoja kwenye benchi, "Mzee wangu, nina magari matano yako Ngorongoro na Wazungu, yanarudi jioni. Hebu niazime nauli ya daladala nifike benki." Hukutafuta sentensi hiyo popote. Umeisikia. Ni mjomba wako, ni jirani yako wa Unga Limited, labda ni wewe mwenyewe mwezi ulioisha. Hapo ndipo mwandishi anajifunza kazi, kwenye mdomo wa mtu anayemjua.

Wajapani walilielewa hili mapema. Tarehe 21 Desemba 1975, Tokyo, vikundi 32 vya wapenzi wa katuni vilikutana kuuziana vijitabu walivyochapa wenyewe. Watu kama 700 walifika. Mkutano ule, Comiket, sasa hivi unaingiza watu laki kadhaa, na kati ya waliouzia kwenye meza zile wapo waliokuja kuwa watunzi wakubwa. Vikundi 32! Arusha tukiamua, kuanzia Usa River mpaka Ngaramtoni, tunakosa vikundi 32?

Lakini kuna jambo linaniumiza kweli, na nalisema bila mzaha. Tunataka kumsherehekea Ndunguru kwa picha zipi? Nakala moja ya Action Comics namba 1 ya Juni 1938, ile aliyotokea Superman, iliuzwa senti 10 ilipotoka. Mwaka 2024 ilinunuliwa mnadani kwa dola milioni 6. Sani za kwetu zilifungiwa karanga. Zilifungiwa vitumbua, zikawasha moto wa mkaa, zikabandikwa ukutani kuziba nyufa mpaka mchwa wakamaliza. Chakubanga wa Christian Gregory, aliyewachekesha baba zetu kwenye gazeti la Uhuru enzi za Azimio, ukitaka kumwona leo utaanza kuzunguka kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe. Wakenya wana Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyekaa miongo na miongo kwenye Taifa Leo, angalau jina lake wanalijua. Sisi tuna Jumba la Makumbusho ya Azimio pale Kaloleni, tuna la Historia Asilia ndani ya Boma la Wajerumani lenye umri wa zaidi ya miaka mia. Katuni hazina hata rafu moja.

Na kabla hamjaanza kuchapa fulana, sikilizeni. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inailinda kazi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa mtu aliyefariki 1986 hiyo ni mpaka 2036. Kwa hiyo tuchore, tuandike, tuonyeshane, lakini jina lake liwe juu ya kila karatasi, na anayetaka kuuza akabishe hodi kwanza kwa wenye haki. Hodi haina gharama.

Mwaka 2026 ni miaka 40 tangu Ndunguru afariki. Nataka siku moja ya kalenda yetu iwe ya kwake. Joho la Batman lipumzike siku hiyo moja tu. Wachoraji waje na Ndumilakuwili anayewauza wote wawili, muuzaji na mnunuzi, Soko la Kilombero. Waandishi tuje na kurasa tatu tatu, Kiswahili cha mtaani kinaruhusiwa. Na wewe mwenye Sani la miaka ya 80 chini ya godoro la bibi, hata kama halina jalada, hata kama lina alama ya kikombe cha chai, usimpe mtu akaondoke nalo. Njoo nalo mwenyewe, ulishike mwenyewe, sisi tulipige picha ukurasa kwa ukurasa, jioni urudi nalo nyumbani. Nauli tutachanga.